Anayelipa Karo, Je, Ndiye Mwenye Kuchagua?

Liko swali ambalo katika miji yetu halisemwi kwa sauti, lakini lakaa katika kila nyumba yenye mtoto wa kidato cha nne. Swali lenyewe ni hili: mzazi aliyelipa karo tangu mtoto yu mdogo, akanunua vitabu na sare, akatoa nauli kila muhula, je, kwa kulipa huko amepata haki ya kumchagulia mtoto elimu atakayoisoma chuoni na kazi atakayoifanya umri wake wote? Wengi wetu hatuliulizi, kwa kuwa twaona jawabu lake li wazi. Baba alipa, basi baba achagua. Sisi twaona kuwa jawabu hilo si sawa, na kwamba madhara yake hayaishii kwa mtoto peke yake. Kwa hivyo twamwomba msomaji alipime jambo hili pamoja nasi, hoja kwa hoja.

Kwanza yatupasa kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kusaidia ni jambo moja, na kutawala ni jambo jingine. Anayemsaidia mtu humpa nguvu ya kulitimiza jambo lake mwenyewe. Anayemtawala mtu huzichukua nguvu zake ili kulitimiza jambo la mwenye kutawala. Kwa nje mambo haya mawili hufanana sana: yote mawili hutoa fedha, yote mawili huamka alfajiri kumwamsha mtoto asome, yote mawili humwuliza mwalimu khabari za maendeleo. Tofauti yake haionekani mpaka siku ya kuchagua ifike. Siku hiyo ndipo hujulikana kama miaka yote ile mtoto alikuwa akisaidiwa au alikuwa akiandaliwa kwa ajili ya mwingine.

Tena yapasa tujue kwamba siku hiyo ya kuchagua haikuwa siku zote pale ilipo leo. Wazee waliosoma zamani watakumbuka. Katika Kenya, mpaka mwisho wa miaka ya 1980, kijana aliyefaulu kidato cha nne hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Aliingia kidato cha tano na cha sita, akasoma kwa miaka miwili masomo machache aliyoyachagua, ndipo akafanya mtihani wa kumpeleka chuoni. Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda wangali na taratibu hiyo hadi leo. Ama kwetu, mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mwaka 1989 mitihani miwili ilikutana: ule wa kidato cha sita ulifanywa kwa mara ya mwisho, na KCSE ikafanywa kwa mara ya kwanza. Tangu hapo mlango wa chuo kikuu umekuwa mbele ya kidato cha nne.

Watu huihesabu miaka miwili ile kuwa ni masomo tu yaliyopunguzwa. Lakini kilichoondoka ni zaidi ya masomo. Kijana wa kidato cha sita alikuwa na miaka kumi na tisa au ishirini. Alikuwa amekwisha kuonja masomo yake kwa undani, akajua lipi limemkubali na lipi limemkataa. Alikuwa na ulimi wa kumwambia babaye, kwa adabu, “Hili nimelijaribu, siliwezi.” Leo kijana aulizwa swali lile lile akiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Na mtaala mpya wa umilisi umelishusha swali chini zaidi. Mtihani wa mwisho wa KCSE kwa mfumo wa 8-4-4 umepangwa kuwa mwaka 2027, na tangu mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia gredi ya kumi. Hao waliitwa wachague mmoja katika mikondo mitatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, wakiwa katika gredi ya tisa, na wengi wao walikuwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano.

Basi huenda mtu akasema: “Ikiwa ni hivyo, hoja yenu imejivunja yenyewe. Mtoto wa miaka kumi na minne atajua nini? Ni lazima mzazi ndiye achague.” Twamjibu kwamba udogo wa mtoto wazidisha haja yake ya kusaidiwa, lakini wazidisha pia khatari ya kutawaliwa, kwa sababu mdogo hana ulimi wa kukataa. Mkubwa akiamrishwa lisilomfaa atateta. Mdogo atanyamaza, na mzazi ataudhani unyamavu wake kuwa ni ridhaa. Kadiri uchaguzi unavyoshuka umri, ndivyo mkono wa mzazi unavyokuwa mzito, na ndivyo unavyopaswa kutumiwa kwa hadhari zaidi.

Sasa tutazame mambo yalivyo katika vitendo, maana maneno ya haki na wajibu bila kujua taratibu ni maneno matupu. Baada ya matokeo ya KCSE kutoka, mwanafunzi huomba nafasi kwa KUCCPS, shirika lililowekwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012. Ili aombe kozi ya shahada, yampasa awe na wastani wa C+ au zaidi. Lakini C+ yafungua uani tu, haifungui kila chumba. Kila kozi ina masomo yake manne yanayohesabiwa, na jumla ya pointi zake haizidi 48. Anayetaka udaktari huangaliwa biolojia na kemia, pamoja na hisabati au fizikia, na lugha. Anayetaka uhandisi hawezi kukwepa hisabati na fizikia.

Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea. Twadhani uchaguzi hufanywa baada ya matokeo, ilhali sehemu yake kubwa imekwisha kufanywa miaka miwili kabla, mwisho wa kidato cha pili, wakati mwanafunzi alipochagua masomo ya kuendelea nayo na ya kuyaacha. Aliyeiacha fizikia siku ile aliufunga mlango wa uhandisi, na pengine hakuna mtu nyumbani aliyejua kuwa mlango umefungwa. Mzazi hukumbuka karo ya kila muhula mpaka shilingi ya mwisho, lakini ukimwuliza mwanawe aliacha somo gani katika kidato cha pili, na kwa nini, hana jawabu. Kisha siku ya matokeo huja na amri: “Utasoma uhandisi.” Hiyo ni amri ya mtu aliyelala wakati wa kushauri, akaamka wakati wa kuhukumu.

Na tuzipime hoja za wanaosema kuwa mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua. Hoja yao ya kwanza ni fedha yenyewe. Lakini fedha anayotoa mzazi kumsomesha mwanawe si bei ya kitu anachokinunua. Ni deni la malezi analolilipa, kama alivyolilipa deni la maziwa na la nguo. Hapana mzazi asemaye, “Nilikunyonyesha, kwa hivyo miguu yako ni yangu.” Tena, kwa nyumba nyingi hoja hii si kweli hata kwa hesabu. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, humkopesha mwanafunzi, na mkopo huandikwa kwa jina lake. Yeye ndiye mdaiwa, na yeye ndiye atakayekatwa mshahara akianza kazi. Basi yule atakayeilipa elimu hiyo kwa jasho lake ndiye tunayemnyima neno katika kuichagua! Lau kama fedha ndiyo hakimu, hukumu ingekwenda kwa mtoto.

Hoja ya pili ni kwamba mzazi ameuona ulimwengu, na mtoto hajauona. Hoja hii ina nguvu, wala hatuikatai. Mzazi ajua kazi ipi yaleta mkate na ipi yaleta maneno. Lakini ulimwengu anaoujua ni ule alioupitia yeye. Wengi wetu tukizitaja kazi za heshima twataja udaktari, uanasheria, uhandisi na uhasibu, kisha tumekwisha. Kujua mengi ni sababu ya kusikilizwa, si sababu ya kutiiwa bila ya swali. Watu hupenda kuleta hapa methali, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali ni kweli, lakini na tuisome vizuri. Yamtaka mdogo asikie, na kusikia kwahitaji kwanza mkuu aseme, na aseme sababu. Mkuu asiyetoa sababu hakuna alilolisema la kusikiwa.

Hoja ya tatu ni samaki mkunje angali mbichi. Twasema: mkunje katika tabia. Mkunje asiseme uongo, asidharau maskini, asikimbie kazi ngumu, aheshimu wakati. Mambo haya ni ya kila mtu, na mzazi aliyeyaacha amekhini amana yake. Lakini kipaji cha hisabati au cha lugha si tabia. Hakikunjwi. Ukimlazimisha asiye na mkono wa kupasua awe mpasuaji, hukumkunja samaki. Umemwandalia mgonjwa asiyemjua msiba.

Neno hili la mwisho ndilo msingi wa hoja yetu. Watu husema jambo hili ni la nyumbani, kati ya mzazi na mwanawe. Sivyo. Mwalimu aliyesukumwa katika ualimu kwa kuwa alama zake hazikufika mahali babaye alipopataka ataingia darasani miaka thelathini na watoto wa watu. Muuguzi asiyeupenda uuguzi atawajibu wagonjwa kwa jinsi moyo wake ulivyo. Kazi ni kiungo kati ya mtu na watu wasiomjua, na atakayeulizwa juu ya kazi hiyo ni mwenye kuifanya. Haiwi haki mmoja achague na mwingine aulizwe. Yule ambaye lawama ya kazi itamwangukia, yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kuishika.

Je, twamaanisha kuwa mzazi hana lake? La, hasha. Ana mambo matatu. La kwanza ni wajibu wa kujua na kujuza: ajue masharti ya kozi, gharama zake, urefu wake, na kazi inayofuata, na amweleze mwanawe yote, matamu na machungu. La pili ni haki ya kusema wazi asichokiweza. Mzazi akisema, “Chuo cha kulipia chote mwenyewe sina uwezo nacho,” hajamtawala mtoto, amemweleza ukweli. La tatu ni haki ya kuzuia lenye madhara ya wazi, kama chuo kisichotambuliwa au kozi ambayo cheti chake hakikubaliwi na wenye kazi yenyewe. Zaidi ya hayo matatu ni ushauri, na ushauri waweza kukataliwa, na aliyekataliwa ushauri wake yampasa aendelee kuwa mzazi.

Na mtoto naye asidhani kuwa tumemwandikia ruhusa ya kufanya atakavyo. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na roho ya kijana yaweza kupenda kozi kwa sababu rafiki ameichukua, au kwa sababu jina lake lasikika vizuri. Haki ya kuchagua ina gharama yake. Gharama hiyo ni kuuliza walio katika kazi ile, kusoma masharti, kusikiliza hoja za wazee bila ya kununa, na kisha kuubeba uchaguzi wake bila ya kumtupia mwingine lawama. Asiyetaka kuibeba gharama hiyo hajachagua, ametamani tu.

Tugeukie sasa msaada wakati wa mtihani wenyewe, maana huko nako twachanganya. Uko msaada wa kweli, nao ni mdogo na hauna sifa: mahali penye utulivu, taa, chakula kwa wakati, usingizi wa kutosha, na neno jema. Na uko msaada wa uongo. Wa kwanza wake ni kulinganisha: “Mtoto wa fulani amepata A, wewe una nini?” Neno hili halikupata kumwongezea mtoto alama hata moja, bali humfundisha kwamba mapenzi ya nyumbani yana daraja kama mtihani.

Wa pili ni mbaya zaidi, nao ni kununua karatasi ya mtihani. Haya si maneno ya kusingizia. Matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE ya mwaka 2015 yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka 2016 ulinzi ulipokazwa, waliopata alama ya A katika nchi nzima walikuwa 141, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,600. Hatusemi kuwa kila aliyepata A mwaka 2015 aliiba. Wako waliosoma kwa haki, na hao ndio waliodhulumiwa kwanza, kwa kuwa alama yao ilitiwa shaka. Lakini na tuulize: fedha za kununua karatasi hutoka wapi? Mtoto wa kidato cha nne hana fedha. Mara nyingi hutoka katika mfuko wa mtu mzima, naye hujiambia kuwa anamsaidia mwanawe. Huyo amemchagulia mwanawe kiti asichoweza kukikalia, na amemfundisha kwa vitendo kwamba babaye hakuwa na imani naye.

Katika msaada wa kweli, hatuwezi kupita bila ya kuwataja mabinti. Katika nyumba zetu nyingi kaka na dada wanajiandaa kwa mtihani mmoja, wiki moja. Alasiri kaka hupewa kitabu na dada hupewa sufuria. Usiku kaka huambiwa alale asije akachoka, na dada angali akiosha vyombo. Kisha matokeo yakitoka twasema wasichana hawana bidii. Huo ni mzani wenye kidole juu yake. Na binti akipata alama nzuri, wako wanaomwambia achague chuo kilicho karibu tu, kozi iwe ipi iwayo. Khofu ya mzazi juu ya bintiye aliye mbali twaifahamu, wala hatuidharau. Lakini khofu hutafutiwa dawa: jamaa wa kufikia, bweni lenye uangalizi, wenziwe wa kwenda nao. Chuo cha karibu kikiwa na kozi yake, ni kheri. Kikiwa hakina, ukaribu si elimu.

Na wako ambao hawataipata C+. Hao ndio tunaowasahau, au tunaowataja kwa aibu. Mwenye C- aweza kusoma stashahada, na walio chini yake wana vyeti vya ufundi. Sisi wa Mombasa hatuna udhuru wa kuidharau njia hii. Chuo cha kiufundi kilichojengwa hapa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na kuanza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, kilifunza mikono kazi. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Technical University of Mombasa. Chimbuko la chuo kikuu hicho ni karakana. Basi mzazi amwambiaye mwanawe aliyepata stashahada ya umeme kuwa ameanguka maishani, na ajiulize ni nani atakayeitwa taa za nyumba yake zikizimika. Mchagua jembe si mkulima.

Wal-hasili, twapendekeza mambo yanayowezekana. Mzazi akae na mwanawe kabla ya masomo kuchaguliwa, si baada ya matokeo kutoka, na safari hii mzazi aulize zaidi ya kusema. Ndugu walio katika kazi mbalimbali, daktari, fundi wa meli, mwalimu, karani wa bandari, wajitolee siku moja katika muhula kuwapokea vijana na kuwaeleza kazi zao bila ya kuzipamba. Wenye kuzijua taratibu za KUCCPS na HELB wawaeleze wazazi wasiozijua, maana wako wazazi wanaoamrisha kwa kuwa wanaona haya kusema hawajui. Na kijana akikwisha kupangiwa nafasi, kisha akaona amekosea, asifungiwe mlango. Muda wa kuomba kuhama hufunguliwa, na kubadili njia mwanzoni ni khasara ndogo kuliko kuikamilisha njia isiyo yako.

Anayelipa karo ana heshima kubwa, na mtoto asiyemshukuru ni mtovu wa adabu. Lakini shukrani ni jambo moja na utumwa ni jingine. Mzazi na amsomeshe mwanawe, amwongoze, amwonye, amwombee kheri, kisha siku ikifika amwachie kalamu ajaze fomu yake mwenyewe.